Uyoga wa makumbi: bure yake i wapi?

Ukipita njia ya Ganda kuingia Malindi baada ya mavuno, utaona magunzi yamerundikwa nyuma ya nyumba, na kwenye mashamba ya minazi makumbi yamejaa mpaka nyoka wamehamia. Ndiyo maana wanaohimiza kilimo cha uyoga huanza na neno tamu: malighafi, yaani mabaki ya shamba ambayo uyoga huoteshwa juu yake, ni ya bure.

Wana hoja. Uyoga mamama, ule wenye umbo la chaza, haudai shamba wala jua kali. Utando wake mweupe hula hata ule ugumu wa mmea unaomshinda ng'ombe. Kilo moja ya magunzi makavu yaliyopondwa, yakitunzwa vyema, hutoa nusu kilo ya uyoga mbichi, hata zaidi.

Lakini hiyo bure ihesabiwe. Mabua na majani ya kunde ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Makumbi yanapikiwa, na ndiyo yaliyokuwa yakifukiwa ufukweni yaoze, yatoe usumba wa kusokota kamba. Tena si mlo rahisi kwa uyoga: yana chumvi na tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, hivyo yakatwekatwe, yaoshwe, kisha yachanganywe na magunzi na pumba kidogo. Pumba zikizidi, ukungu wa kijani hufika mezani kabla ya mwenyewe.

Halafu kuna kuni. Malighafi hutiwa kwenye pipa ikachemshwa saa mbili au tatu ili vijidudu vife, na mzigo wa kuni unanunuliwa. Wengine huloweka usiku kucha katika maji ya chokaa, bila moto. Njia hiyo naipenda, maana chokaa watu wa pwani twaijua. Ndiyo iliyojenga Lamu. Ila ile ya matumbawe nayo huchomwa tanuuni. Moto haukuzimika, umehama tu.

Mimi linalonitia shaka zaidi ni kalenda. Mamama wa kawaida hustawi penye joto la nyuzi 20 hadi 28 na unyevu wa asilimia 80 au 90. Kaskazi ikivuma, Januari hadi Machi, Malindi hupita nyuzi 30. Utamwagia maji sakafu ya banda la uyoga na magunia yaliyotundikwa humo kutwa mara tatu, na kisima chako huenda ni cha maji ya chumvi. Na hapo ndipo mahoteli yana wageni. Kusi ikiingia, uyoga ukaanza kukubali, Mei na Juni mengi yao yamefunga. Uyoga mbichi bila friji haukai siku mbili. Kuukausha? Kilo 10 zitarudi kilo 1, na mvua ya Mei haina huruma na kichanja cha kuanikia.

Ipo aina ya mamama yenye rangi ya waridi inayovumilia joto, ingawa hunyauka upesi zaidi.

Jirani akiniuliza, nitamwambia aanze Juni, kwa mifuko kumi ya magunzi yaliyopandwa uyoga, awauzie kwanza wa mtaani wanaojua kuupika kwa tui. Na magunzi ayafuate baada ya kuzungumza na wenye mbuzi.