Kila Ziara ni Livingstone Tu

Waongoza wageni wa hapa Kigoma, jamani, mnatuchosha. Kwenye simu mnauliza, "Mgeni wako anapenda nini? Tutampangia ziara yake." Unajibu: meli. Siku ikifika, gari moja kwa moja Ujiji, mnarani, pale walipokutana wale wazungu Stanley na Livingstone, 1871, saa nzima!

Shemeji yangu ni fundi wa injini za meli, katoka Mwanza kwa ajili ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani walivyoizamisha wenyewe 1916, injini wamezipaka grisi kabisa zisiliwe na kutu (hapo ndipo utamu ulipo), Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Kauliza. Kajibiwa, "Hiyo tutaipitia." Tukapita kweli, barabarani, gari halikupunguza hata mwendo.

Bei sasa! Ya ziara ya kupangiwa. Na maji ya kunywa ujinunulie.