AK na M16: bunduki inakwama wapi, na kwa nini

Ubishi kuhusu bunduki za kivita huishia hapa hapa: mmoja anasema AK, ile ya Kisovieti ya Kalashnikov, ukiitoa kwenye tope inafyatua, mwingine anasema M16, ile ya Kimarekani, ya leo siyo ile ya Vietnam. Wote wana ushahidi. Kinachosahaulika ni kwamba bunduki haikwami peke yake. Inakwama pamoja na risasi zake, magazini yake (kile kisanduku cha risasi), mafuta yaliyopakwa, pamoja na askari aliyepewa, au aliyenyimwa, vifaa vya kuisafisha.

Tuanze na vita vya Vietnam, maana sifa mbaya ya M16 ilizaliwa huko. Eugene Stoner aliiunda bunduki hiyo itumie baruti ya vijiti. Jeshi la Marekani likaja kubadilisha risasi zikajazwa baruti ya chembe za mviringo. Risasi ilikwenda kwa kasi ileile, lakini msukumo wa gesi inayoiendesha bunduki, pale inapoingia kwenye bomba, ukawa mkubwa zaidi. Kasi ya ufyatuaji ikavuka kikomo cha risasi 850 kwa dakika, mara nyingine ikakaribia 1,000. Bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya risasi, ikaanza kurudi nyuma mapema mno, wakati ganda bado limebana kwenye kuta za chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa. Chemba yenyewe haikuwa na kromi, na kwa unyevu wa Vietnam ilipata kutu na vishimo. Ganda la shaba likajikaza humo, kulabu ya kulivutia ikanyofoa ukingo wake, na ganda likabaki ndani. Dawa pekee ilikuwa kuingiza fimbo ya kusafishia kupitia mdomo wa mtutu na kuligonga litoke, huku adui anafyatua. Fimbo zenyewe hazikuwatosha askari, kwa sababu bunduki ilitangazwa kana kwamba haihitaji kusafishwa.

Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza mwaka 1967. Iligundua kuwa kiwandani bunduki ziliruhusiwa kupimwa kwa risasi za baruti ya zamani, ilhali askari walipelekewa zenye baruti mpya. Kamati ikasema uzembe huo unakaribia jinai. Marekebisho yalikuwa ya kawaida kabisa: kromi kwenye chemba na baadaye mtutu mzima, bafa (kizito cha nyuma kinachopokea bolti) nzito zaidi ya kupunguza kasi yake, baruti iliyorekebishwa, vifaa vya usafi na mafunzo. Umbo la msingi halikuguswa. Kwa hiyo anayesema kasoro ilikuwa ya mfumo wa Stoner anakosea kwa sehemu kubwa. Lakini mfumo usiovumilia kubadilishiwa baruti wala kunyimwa kromi nao una deni lake.

AK ilijengwa kwa hesabu nyingine. Pistoni yake ni nzito, imeungana na kibebeo cha bolti, na inapewa gesi nyingi kuliko inavyohitaji, ili hata ikichafuka ibaki na nguvu ya kumaliza safari. Risasi yake, ya 7.62x39, imechongoka kuelekea mbele, ndiyo maana magazini yake imepinda vile. Ganda la namna hiyo likisogea kidogo tu nyuma linaachana na kuta za chemba. Ganda la 5.56, risasi ya M16, limenyooka karibu lote na huburuzika umbali mrefu zaidi. Na AK ilipewa mtutu wenye kromi mapema. Ukitaka siri ya uimara wake, tazama ganda na kromi kabla ya kutazama nafasi zilizoachwa kati ya vyuma, ambazo husifiwa kupita kiasi.

Kupita kiasi, kwa sababu nafasi hizo ni mlango pia. Wenzo wa usalama wa AK ukiwa juu hufunika mfereji wa mpini wa kukokia. Ukiushusha ili upige, mfereji unabaki wazi kwa urefu wake wote, na tope zito huingia moja kwa moja hadi kwenye nyundo. Nyundo iliyozamia tope haina nguvu ya kupiga kiberiti cha risasi, kile cha kuwashia baruti. M16 imefungika vizuri zaidi: ina kifuniko cha vumbi, na hata kikifunguka kibebeo cha bolti kinaziba tundu la kutolea maganda. Kwenye tope la kumwagikiwa, M16 mara nyingi huishinda AK. Ila maji yakiingia kwenye mtutu wa M16 hali ni nyingine: tundu la mtutu ni jembamba, maji hayatoki yenyewe. Inabidi kuelekeza mtutu chini na kuvuta bolti nyuma kidogo ili hewa ipite, la sivyo mtutu unaweza kupasuka.

Vumbi ndilo lililoleta takwimu zinazonukuliwa sana. Mwaka 2007, huko Aberdeen Proving Ground, jeshi la Marekani lilipima kwenye vumbi aina nne, bunduki 10 kila aina, risasi 60,000 kwa aina. M4, ambayo ni M16 iliyofupishwa, ilikwama mara 882. Bunduki tatu nyingine, zenye pistoni ambayo M4 haina, zilikwama hivi: HK416 233, SCAR 226, XM8 127. Wapenzi wa pistoni huishia hapo. Lakini miezi michache kabla, M4 ilipimwa kwenye vumbi na kukwama mara 307 tu. Kipimo kinachotoa 307 na 882 kwa bunduki ya aina moja hakifai kutumiwa kama hukumu ya mwisho. Tena, kati ya zile 882, mikwamo 239 ilitokana na magazini. Bado nakubali kwamba pistoni ilifanya vizuri zaidi. Ninachokataa ni kuikuza tofauti hiyo.

Magazini ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Ya alumini ya M16 ikijaa risasi 30 ina uzito wa karibu nusu kilo; ya chuma ya AK ni karibu 0.8. Ile nyepesi midomo yake hupinda ikikanyagwa, risasi ikainua pua au zikatoka mbili kwa pamoja. Magazini ya namna hiyo hainyooshwi kwa koleo, inatupwa. Wengi hujaza 28 badala ya 30 ili springi isibanwe mno. Ndani yake pawe pakavu, na risasi zenyewe zisipakwe mafuta, maana mchanga hunata. Kibebeo cha bolti cha M16 ni kinyume chake: hata jangwani hupakwa mafuta ya kutosha, kwa kuwa kikikauka hukwama haraka kuliko kikilowa na vumbi. Bolti ina ringi tatu za gesi. Ivute bolti nje kabisa, simamisha kibebeo juu ya uso wa bolti; kikishuka chenyewe kwa uzito wake, ringi zimechakaa.

AK nayo ina lake. Risasi nyingi za akiba ya zamani zina viberiti vinavyoacha chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Mtutu, bomba la gesi na pistoni vioshwe kwa maji ya moto, vikaushwe, ndipo vipakwe mafuta. Askari anayepaka mafuta tu anafungia kutu ndani.

Kwa jeshi ambalo vipuri vyake huchelewa na risasi zake hutoka nchi tatu tofauti, ningechagua AK, kama Tanzania ilivyofanya kwa Type 56 za Kichina. Risasi moja ya 7.62x39 ina gramu 16 hivi dhidi ya 12 za 5.56, na mzigo huo askari ataubeba. Jeshi lenye uhakika wa kupata ringi, springi na magazini mpya kila mwaka lina sababu nzuri za kuchagua ile nyingine.