Kitonga Nimeipita Usingizini

Mwezi uliopita nilitoka Dar kwenda Mbeya kwa basi la usiku. Nilipanda kituo cha mabasi cha Mbezi saa moja jioni, nikafumbua macho Igawa, tayari mkoani Mbeya, kunapambazuka. Ndugu waliponiuliza safari ilikuwaje sikuwa na la kusema zaidi ya "salama tu". Kilomita zaidi ya mia nane, maneno mawili.

Najua nikisema safari ya mchana ina raha yake nitapingwa. Mabasi yalizuiwa kutembea usiku tangu miaka ya 1990, kwa ajali na ujambazi, na ruhusa iliporudi mwaka 2023 wengi tulishangilia. Mfanyabiashara anashuka asubuhi, anafunga mzigo wake Kariakoo, jioni yuko njiani tena na hajalipia gesti. Mgonjwa mwenye kliniki saa mbili hahitaji kwenda kubanana kwa shemeji mwenye chumba kimoja. Hayo siyabishii. Ninaobishana nao ni wale wanaosema kusafiri mchana ni kupoteza siku.

Siku gani hiyo iliyopotea? Pale Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Mpwa wangu tembo wake wa kwanza alimwona hapo, kapiga magoti kwenye siti, pua imegota kiooni, na hakuna aliyemdai kiingilio. Kuna kibao kinachotaja faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Abiria wote husoma kwa sauti, kisha huanza ubishi kwa nini huyu kamzidi yule. Usiku unachoona ni taa za lori linalokuja. Na swala akikatiza ghafla, dereva naye anamwona kachelewa.

Ukishaipita mibuyu unafika Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu. Zamani kijana alikimbia na basi, neti ya vitunguu juu ya fimbo, "mama chukua hii, anko niungishe!", chenji ikarushwa basi likiwa limeshaanza kuondoka. (Sijawahi kurudishiwa chenji pungufu pale. Dar nimerudishiwa mara nyingi.) Siku hizi mabasi ya AC vioo havifunguki hata mchana, kijana anabaki kugonga kioo na kuonyesha bei kwa vidole. Saa sita usiku hata huko kugonga hakupo.

Halafu Kitonga. Mlima ule una adabu yake. Mama aliyekuwa akiongea na simu tangu Morogoro anaikata mwenyewe. Malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia nzito, yanapumua kama wazee, na magari ya IT, yale yanayopelekwa nchi jirani kutoka bandarini, yanatafuta upenyo pasipo na upenyo. Mimi hapo huwakumbuka madereva wa enzi ile, Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965 na njia ya kusini ya mafuta ya Zambia ikafungika: yakabebwa kwa malori kwenye barabara hii ikiwa bado vumbi na tope. Lori likizima kwenye kona leo tunalalamika saa mbili za foleni, lakini ndipo tunaposhuka, mtu anagawa mahindi, na unagundua jirani wa siti ya nyuma anatoka kijiji kimoja na mkeo.

Usiku hata kuchimba dawa, yaani kushuka kujisaidia njiani, kumekosa utani. Kondakta anasema dakika tano kwa sauti ya chini, watu wanashuka nusu wamelala, wanarudi kimya.

Wiki ijayo narudi Dar. Kijana wa tiketi kanisifia basi la usiku: AC, chaji kila siti, asubuhi mapema upo Mbezi. Nikamwambia anikatie la saa kumi na mbili asubuhi, dirishani.

"Mzee, unaogopa usiku?"

Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.