Fundi, gari lilikuja linawaka!

Gari kugoma kuwaka baada ya matengenezo hutokea, sina ugomvi na hilo. Kinachonikera kwa baadhi ya mafundi wetu hapa Mwanza ni jibu lao: "Bosi, hapo betri imekufa." Betri gani? Gari limekuja gereji likitembea lenyewe, mlima wa Bugando linapanda bila shida. Mmefungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, mmebadilisha gasketi yake, sasa selfu, ile mota ya kuwashia, inazungusha injini vizuri tu ila injini haishiki, halafu kosa ni la betri?

Chukua mita upime. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma kama volti 12.6. Basi, hoja ya betri imekwisha. Rudi pale mkono wako ulipopita. Waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, umekazwa? Soketi ya sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini, imechomekwa? Fyuzi je? Chomoa plagi, ile ya kutoa cheche ndani ya injini, uitazame: ikiwa imelowa petroli, tafuta cheche; ikiwa kavu, fuata njia ya mafuta. Na alama za mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, ziangaliwe mapema, jamani, maana zikipishana, kuna injini ambazo pistoni hugonga valvu zikapinda. Wewe unaendelea kupiga selfu tu!

Badala yake naambiwa, "Tuma hela ya pampu ya mafuta." Pampu inafungwa, kimya. Plagi mpya, kimya. Na duka la spea halipokei kifaa kilichokwisha kufungwa, hasara yote yangu. Nionyeshwe cheche kwanza, ndipo tuzungumze hela.