Seng'enge Pekee Haitunzi Nyasi

Kwenye kikao cha malisho huku Mbeya, kiongozi mmoja alisimama akauliza kile kipande cha nyasi za asili kilichozungushiwa seng'enge kina faida gani wakati watu wanatafuta pa kulima viazi. Akapigiwa makofi. Hasira ninayo hadi leo.

Kile kipande ndicho kipimo chetu. Mvua inanyesha ndani ya uzio na nje vilevile, ila ng'ombe wako nje tu. Nyasi zikipungua pande zote mbili, huenda tatizo ni mvua. Zikipungua nje peke yake, wafugaji tukae tuzungumzie idadi ya mifugo, hata kama inauma. Lakini jibu hilo huja kwa kupima, siyo kwa kuchungulia ukipita na bodaboda. Vigingi vya kuonyesha pa kupimia viwe palepale, fremu ya kuwekwa juu ya nyasi iwe ileile ya mita moja kwa mita moja, msimu uleule, picha ielekee upande uleule. Iandikwe nyasi gani zipo, udongo ulio wazi ni kiasi gani, majani yaliyokatwa na kukaushwa yana uzito gani. Ukiruka miaka miwili, kisha akaja mtu mwingine na njia yake, hutajua kilichobadilika ni nyasi au ni mpimaji.

Na anayedhani uzio ukishafungwa kazi imekwisha, aitazame Themeda triandra, nyasi wanayoipenda sana ng'ombe. Ikilishwa kupita kiasi, inapungua. Ikiachwa miaka mingi bila kulishwa wala kuungua, majani yake makavu yanaizibia mwanga, inadhoofika na kufa. Kwa hiyo hata ndani ya uzio mambo yanabadilika, na asipokuwepo wa kuandika, tutalinganisha malisho yetu na kitu tusichokifahamu.

Kitulo, iliyo kwenye nyanda zetu hizi hizi, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake, siyo simba. Sisi watu wa nyanda hizi hatuna kisingizio cha kusema nyasi ni pori tupu lisilo na faida.

Haya, viazi na mipaini vinasomesha watoto, hilo silipingi. Ila nyasi za milimani zikishalimwa, miongo inapita bila kurudi zilivyokuwa.

Halmashauri impe mtaalamu wa malisho daftari, mizani na posho ya kila msimu. Na takwimu zake zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla mtu yeyote hajaleta trekta.