Goti Moja, Madaktari Wanne

Mimi niliumwa na goti. Moja, la kushoto. Shikeni hapo kabla hadithi haijaharibika.

Daktari wa mifupa kule Upper Hill alilikunja, likalia kama mlango wa matatu kuukuu, akaniandikia diclofenac. "Mara mbili kwa siku, mzee, ukishakula." Goti likanyamaza kweli. Kilichoamka ni tumbo. Nikawa nalala kama niliyemeza jiko la makaa. Niliporudi kumweleza, akasema, "Tumbo si langu," vile majirani wa ploti husema kuhusu mtaro ulioziba, akanipa barua ya kwenda kwa bingwa wa tumbo.

Wa tumbo, kabla hajanigusa, akanipima presha: 168 kwa 102. Akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Hii ni ya moyo." Barua nyingine. Wa moyo yuko jengo lilo hilo, ghorofa ya saba, na lifti ilikuwa imekufa. Nimepanda ngazi zote na goti hilohilo, kwa hivyo presha aliyoikuta huko juu tuiache huko huko. Akanipa amlodipine. Wiki ya tatu vifundo vya miguu vimefura hadi soksi zinaacha alama kama kamba ya mbuzi. Akaongeza kidonge cha kukojoa.

Sasa kile kidonge hakimjui mtu anayeishi Kayole na kufanya kazi Industrial Area. Saa moja asubuhi, Jogoo Road imeganda, niko kiti cha dirishani, nyuma kabisa, nimebanwa na mama mwenye gunia la sukuma, na kidonge kinaniita kwa jina. Nikamwambia makanga nashuka. "Shuka tu mzee, lakini nauli hairudi." Hiyo wiki nimelipa nauli mara mbili mbili, na sasa najua kila kituo cha petroli chenye choo kati ya nyumbani na kazini, na kile ambacho mlinzi hudai shilingi kumi eti ni ya sabuni. Sabuni yenyewe sijawahi kuiona.

Mwezi ukapita. Usiku wa manane kidole gumba cha mguu kikawaka moto. Shuka ilikigusa tu nikapiga yowe, jirani akagonga ukuta. Gauti! Bingwa wa nne, wa viungo, akataka kujua nyama choma nala kiasi gani. Nyama! Mara ya mwisho ilikuwa matanga ya mjomba, na nilipewa shingo. Lakini nameza dawa gani, hilo hakuuliza, nami siku hizi sijibu nisichoulizwa, maana naogopa kupewa barua. Akaandika dawa ya maumivu. Nikasoma: diclofenac. Nilihisi kama nimekutana na mtu wa kwetu.

Yaani mwili wangu umekuwa shamba la urithi, kila mmoja ameweka bikoni zake. Faili nne, na kila mlango shilingi 4,000. Angalau SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwenye makato yake ya asilimia 2.75 ya mshahara, bado inanihesabu mtu mmoja.

Jioni nikazipeleka karatasi zote kwa binti wa duka la dawa pale steji. Akazipanga juu ya kioo moja moja, kama mcheza karata, kimya.

"Baba, ulianza na hii ya goti?"

"Ndiyo."

"Hii huchoma tumbo na hupandisha presha. Hii ya presha hufurisha miguu. Na hii ya kukojoa huweza kuamsha gauti." Akazirudisha zote kwenye bahasha. "Sikuuzii kitu leo. Usiache dawa kivyako, lakini rudi kwa mmoja wao na karatasi zote pamoja."

"Kwa yupi?"

"Yeyote, baba."

Basi kesho naenda kwa wa mifupa. Yeye yuko ghorofa ya chini.