Katuni Nilizozianika na Karafuu

Futi ya mama ya kushonea haina tabia ya kudanganya. Msimu wa karafuu wa 2022 iliniambia kwamba kitabu nilichokilaza mbele yangu kina urefu wa sentimita 34. Vitabu vya katuni vya Marekani vya mwaka 1938 vina urefu wa sentimita 26 na kitu, upana kama 20. Mtu mwenye akili zake angejiuliza hiki basi ni kitabu gani. Mie nikajiuliza nitakipunguza vipi.

Jalada lilikuwa la Action Comics nambari 1, Juni 1938, lile la Superman kalinyanyua gari la kijani juu ya kichwa, bei senti 10. Nilikitoa kwenye kasha la marehemu ami yangu, baharia, aliyerudi Wete, Pemba, na redio mbili, miavuli minne na katuni ambazo hapana aliyezigusa isipokuwa mende. Ndivyo nilivyodhani wakati ule.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu moja tu. Mwaka 2020 ndege za watalii zilisimama, hoteli niliyokuwa nikifanya kazi kaskazini Unguja ikafunga milango, nikapanda boti na begi moja. Mtoto wa dada yangu, anayeishi Leicester, Uingereza, ndiye mwenye kuvijua vitu hivi. Nikampelekea picha za majalada matatu. Alinipigia hata sijaiweka simu chini.

"Mjomba, usiviguse na mikono ya mafuta."

Nilikuwa nakula sambusa.

Tukawa tunazungumza kila Ijumaa baada ya sala, na kwa upande wa hesabu nilifundishika. Watu hudhani uchumi ukiyumba katuni zote huanguka pamoja, kama nazi za mkarara mmoja. Sivyo. Februari 2010, ukosefu wa kazi Marekani ukiwa karibu asilimia 10, nakala ya Action Comics nambari 1 iliuzwa dola milioni moja, katuni ya kwanza kufika hapo. Mwezi uliofuata nakala nyengine, safi zaidi, ikaenda kwa milioni moja na nusu. Tajiri aliyeingiwa na hofu ya mabenki anatafuta pahala pa kuziweka fedha zake, na nakala zilizosalia za kitabu hicho zinakisiwa kuwa mia hivi. Zilichapishwa kama laki mbili, watoto wakazichana, kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia na Wamarekani wakakusanya karatasi chakavu nyumba hadi nyumba. Kinachoporomoka ni kile cha kati na cha chini, toleo ambalo kila mwenye duka analo masanduku kumi. Aliyepoteza kazi huuza hilo kwanza, jirani yake huuza lilo hilo, mnunuzi anakuwa mmoja na wauzaji arubaini.

Na mnunuzi huyo mmoja hupata madaha. Katuni hupewa daraja kuanzia 0.5 mpaka 10. Pesa ikiwa inamwagika, aliyekosa nakala ya 9.2 huchukua ya 6.0 na kushukuru. Pesa ikikauka, hiyo ya 6.0 anaipindua mara tatu, anaona kona iliyokunjika, anairudisha. Pengo baina ya safi na chafu linatanuka. Mpemba hahitaji kufundishwa hili. Kwenye kituo cha kuuzia karafuu kuna daraja la kwanza, la pili na la tatu, na karafuu ya mti ule ule hushuka daraja kwa kulala na maji usiku mmoja. Nililijua hilo tangu sijaota meno. Ndiyo maana yaliyofuata hayana udhuru.

Mwaka 2021 bei zilikuwa juu angani. Watu wamefungiwa ndani, serikali ya Marekani imewapelekea hundi, wakaanza kununua utoto wao. Septemba nakala ya Amazing Fantasy nambari 15 ya 1962, yenye Spider-Man wa kwanza kabisa, iliuzwa dola milioni 3.6. Mpwa wangu akasema, "Uza sasa, mjomba." Lakini mie nimelelewa na watu wanaolala juu ya magunia wakingojea bei. Nikangoja. Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri, na kabla mwaka haujesha ilishapita asilimia 4. Waliokuwa wakinunua kwa mikopo wakaacha, walionunua wakaanza kuuza. Hapo ndipo nilipoitafuta futi.

Sentimita nane za ziada. Nikafikiri kwa utulivu, hatua kwa hatua. Hewa ya Wete ina maji, chumvi haikai kavu hata siku moja. Karatasi hunywa unyevu. Kilichokunywa maji hufura. Na karafuu mbichi kilo tatu zikianikwa hutoa kavu kilo moja. Kwa nini basi kitabu cha 34 kisirudi 26?

Mama alikuwa na majamvi mawili uani, mchumo wa kwanza, siku ya kwanza juani. Nikasogeza karafuu kidogo, nikazitoa katuni kwenye plastiki zake, nikazipanga ukingoni zikiwa wazi, kurasa zimetazama chini, kila moja kama paa la kibanda. Siku tatu, nikasema, sawa na karafuu.

Jua la Pemba linaifanyia katuni mambo kwa zamu. Kwanza jalada: nyekundu na njano ndizo zinazokimbia mapema, Superman akabaki na joho la rangi ya ubuyu uliokwisha kunyonywa. Pili, karatasi za ndani ni za gazeti, zina lignini, ile gundi ya asili ya mti, na jua likiipiga hugeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha chai kavu, mwisho hukatika kama kaukau. Tatu, jalada linalong'aa na kurasa za ndani havikauki kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kitabu hujikunja kama jani la mgomba. Na mafuta ya karafuu! Hutoka kwa joto, yakitua kwenye karatasi hayatoki tena, yanaacha waa la kuonea upande wa pili, kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Yote hayo mpwa alishaniandikia tangu 2020, kwa ujumbe mrefu ambao niliusoma mstari wa kwanza. Kila katuni kwenye mfuko wake wa plastiki ya polyester, nyuma yake kipande cha kadibodi isiyo na asidi. Isimame wima sandukuni, isilazwe. Sanduku lisigusane na ukuta wa chokaa wala sakafu. Giza. Unyevu wa hewa baina ya asilimia 40 na 50, na kwa kuwa Pemba hupati hiyo ila ndani ya kitu kilichofungwa, tumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, utie vile vifuko vya chembe za silika vinavyokuja na viatu. Chembe zikishashiba maji, zimwage kwenye trei, uzikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kama saa mbili, kisha uzirudishe. Na mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa: USIANIKE.

Siku ya pili nikapima. Sentimita 34. Nikajipa moyo kwamba hata karafuu siku ya pili bado laini.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, wingu likatoka upande wa Mtambwe bila kubisha hodi. Mama akapiga ukelele kutoka jikoni, "Karafuu kwanza!" Hapo mtu hafikiri. Nilishika pembe mbili za jamvi, nikakunja, nikabeba, nikakimbilia barazani, na katuni zote zimo ndani zikisagana na karafuu kama nyama ya kababu.

Jioni nikamwonyesha mpwa kwa video. Alinyamaza muda, nikadhani mtandao umekatika.

"Mjomba, hicho kikubwa kilikuwa na jalada gumu la nje?"

Mama, aliyekuwa akisikiliza, akajibu kabla yangu, "Lile gumu? Tulipepelea jiko mpaka likesha."

Kumbe mwaka 1974 wenyewe wachapishaji walikitoa upya kitabu hicho kwa ukubwa wa sentimita 25 kwa 34, kikavishwa jalada la nje lenye maandishi ya kusema wazi kwamba ni marudio. Likibanduliwa hilo, jalada la ndani ni mfano kamili wa lile la 1938, na wajanja wa Marekani wamewauzia hivyo watu wengi. Njia ya kukijua ni kukipima tu, na mie nilikipima mara tatu.

Cha pili kilikuwa Superman nambari 75 iliyotoka Novemba 1992, ile aliyokufa, imo kwenye mfuko wake mweusi. Huo mfuko ndio niliouchana kwa mkono wangu ili upepo upite. "Usilie," akasema mpwa. Nakala hizo ziliuzwa mamilioni, na kila aliyenunua aliificha akingojea utajiri, hivyo hapana anayeitafuta. Hata ingebaki imefungwa ni dola makumi machache, kilo chache za karafuu kavu. Soko lile lilizama lenyewe kuanzia 1993, wakati uchumi wa Marekani unakua vizuri tu.

"Cha tatu, mjomba. Taratibu. Fungua ukurasa wa barua."

Cha tatu kilikuwa The Incredible Hulk, lile pandikizi la mtu wa kijani, nambari 181, Novemba 1974, senti 25. Humo ndimo Wolverine, shujaa mwenye makucha, anapoingia kwa mara ya kwanza kwa hadithi nzima, na hiki hata kikiwa kimechoka kina wanunuzi, riba ipande au ishuke. Hiki kilikuwa cha kweli. Nikafungua. Kwenye ukurasa wa barua palikuwa na dirisha la mraba, limekatwa kwa mkono wa mtu mwenye subira.

Miaka ile walichapa stempu ndogo humo, msomaji azikate na kuzikusanya. Katuni iliyokatwa stempu hata ikiwa safi hupewa lebo ya kijani ya kasoro, na bei inakatwa vibaya, hasa mwaka ambao mnunuzi ana madaha.

"Nani alokata?" nikauliza kwa hasira, nikimwona ami kaburini.

"Nani mwengine?" akasema mama. "Si weye, na mkasi wangu wa cherahani! Una miaka saba. Ukapaka ulimbo wa fenesi, ukabandika kwenye mkebe wako wa gololi. Nilikuchapa kwa ajili ya mkasi."

Mkebe upo, una misumari. Stempu ipo juu yake, na ulimbo wa fenesi wa mwaka ule haujui kubanduka.

Wiki iliyofuata tulipeleka karafuu kituoni. Afisa alitia mkono ndani ya gunia, akachota, akamwaga mezani, akaanza kuchambua kwa kidole. Kikonyo kimoja. Kikonyo cha pili. Kisha akanyanyua kipande cha karatasi kikubwa kama ukucha wa dole gumba, rangi ya kijani, kina vidole vya mguu.

"Hii n'nini?"

"Hulk," nikasema.

Akakiweka pembeni pamoja na vikonyo, akalisukuma gunia kwangu. "Kapepete tena."